Nani Ashike Ngoma? Wanawake, Wanaume na Kujifunza Muziki Ukubwani Karagwe na Kyerwa

(Mhadhara uliotolewa Kayanga mbele ya walimu wa kwaya, viongozi wa dini, maofisa wa utamaduni na wa elimu ya watu wazima, na wananchi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)

Nawashukuru mliotoka Murongo na Kaisho tangu alfajiri, maana barabara ile ikishanyeshewa kila mtu anaijua. Nimepewa saa moja. Nitajitahidi isizidi, kwa kuwa harufu ya maharage imeshaanza kuingia humu ukumbini na mimi si mtu wa kushindana na chakula.

Madhumuni yangu ni haya. Ingia karibu kanisa lolote la wilaya zetu hizi mbili Jumapili asubuhi, uhesabu waliosimama kwenye kwaya. Wanawake ni wengi. Kisha uliza nani anapiga kinanda, nani ametunga wimbo, nani anasimama mbele kuongoza. Utaoneshwa mwanamume, mara nyingi kijana. Nenda harusini: nyimbo za kumuaga bibi harusi zimo vichwani mwa akina mama, lakini ngoma iko mikononi mwa akina baba, na siku hizi spika na maikrofoni viko mikononi mwa vijana wa kiume. Nataka tuulizane kwa nini iko hivyo, na kama ni lazima iendelee kuwa hivyo.

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayetaka kunibishia aanze kujiandaa. Sababu ni tatu: nani amekabidhiwa chombo, nani ana saa za kujifunza, na nani anaruhusiwa kukosea mbele za watu. Kipaji sikiweki humo. Na nazungumzia watu wazima. Mtoto ana shule na ana mwalimu wa kumkalisha chini. Mimi namzungumzia mtu wa miaka arobaini mwenye watoto, kahawa shambani na ng'ombe wa kukamua, ambaye siku moja anasema moyoni: hiki kinanda nami nikijue.

Hoja ya kwanza: Koo na kazi yake

Nianze na mwili, maana ndiko wanakokimbilia wengi swali hili likizuka. Ni kweli mwanamke na mwanamume hawatoi sauti moja. Mvulana akibalehe, nyuzi za sauti kooni hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka karibu oktava nzima. Mwanamume mzima akizungumza kwa kawaida, nyuzi zake hutetema kiasi cha mara 120 kwa sekunde. Za mwanamke hufika mara 200 na kupita. Ndiyo maana kwaya ina mafungu manne, soprano na alto upande huu, teno na besi upande ule.

Lakini humu tumo walimu, tusidanganyane. Kila mmoja wenu anamfahamu mama aliyehamishiwa teno kwa sababu wanaume hawatoshi na sauti yake inafika vizuri tu. Tena sauti ya mtu mzima haikai mahali pamoja. Mwanamke akishakoma hedhi, sauti yake mara nyingi huteremka. Mzee wa kiume, yake huweza kupanda kidogo. Mama aliyekuwa soprano mwaka alioolewa anaweza, akiwa na miaka sitini, kuwa alto mzuri kuliko wote, iwapo mwalimu atamsogeza benchi moja badala ya kumwambia sasa apumzike.

Kusoma nota, kushika mdundo, kukumbuka wimbo wa beti nane, kutunga: hayo yote hayategemei urefu wa nyuzi za koo. Nimewahi kuambiwa kwamba vidole vya mwanamke ni vifupi kwa kinanda. Watoto wa miaka minane wanakipiga. Hoja hii siirefushi.

Hoja ya pili: Chombo kina mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nchi hii tunayoikalia iliwahi kutawaliwa kwa ngoma.

Wasafiri John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, huko Bweranyange, mwezi wa Novemba 1861. Katika kitabu alichokichapisha 1863, Speke anasimulia jinsi alivyoambiwa habari za kurithi kiti. Mfalme Ndagara alipofariki, wanawe watatu waligombea utawala: Rumanyika, Rogero na Nnanaji. Wakuu wa nchi wakawawekea mbele kingoma kidogo, chepesi kabisa kwa mkono, lakini kimetiwa dawa. Wawili walishindwa hata kukisogeza. Rumanyika akakiinua kwa kidole chake cha mwisho. Iwe ilitokea hivyo au ilisimuliwa hivyo, kwetu funzo ni lile lile: aliyeweza kuinua ngoma ndiye aliyepewa nchi, na walioitwa kujaribu walikuwa wana wa kiume. Ng'ambo ya mto Kagera, kule Nkore, ngoma kuu Bagyendanwa ilipewa hata mke, ngoma ya pili iliyoitwa Kabembura. Ngoma ya kike ilikuwapo, mpigaji wa kike ndiye aliyekosekana.

Huko kwa Rumanyika wageni hao walisikia pia nanga, ubao ule uliochongwa kama sinia na kufungwa nyuzi saba au nane. Na Speke alikwenda kuwatazama wanawake wa nyumba ya kifalme walioneneshwa kwa maziwa, akampima mmoja, mkono, kifua, paja, urefu, na vipimo vyote akaviandika. Mimi ningempa kurasa zote za vipimo vile anibadilishie kwa ukurasa mmoja wa nyimbo walizoimba wanawake hao wakiwa peke yao.

Nanga nayo mara nyingi ilikuwa ya wanaume. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyeutafiti utendi wa nanga katika mkoa wetu kwa miaka mingi, anatuonesha sanaa pana, ya mtu mmoja anayeimba, kusimulia na kupiga kwa saa nyingi. Na mabingwa waliotajika, kama Habibu Selemani wa Buhaya, ni wanaume. Wanawake walibaki na koo na viganja. Walikuwa na nyimbo za harusi, za kubembeleza watoto, za palizi, za msiba. Utajiri mkubwa huo, sitaki mtu anielewe kwamba naudharau. Ila ni utajiri usiohitaji kukabidhiwa kitu.

Kulikuwa na mlango mmoja wa pembeni. Katika kubandwa, ibada ya mizimu iliyoenea nchi zote hizi za maziwa makuu, mwanamke aliyepandwa aliweza kutikisa manyanga, kutoa amri, na kuketi mahali ambapo siku ya kawaida asingeketi. Mwanahistoria Iris Berger ameliandikia jambo hili kwa kirefu. Lakini angalieni masharti yake: ili mwanamke ashike chombo ilibidi kwanza awe amekuwa mtu mwingine. Mzimu ukishamshuka, manyanga yanarudi yalikotoka.

Wamisionari wa Bethel walifika Buhaya mwaka 1910, na Dayosisi ya Karagwe, ambayo tangu 1979 inajitegemea ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ni tawi la mti ule. Huko Bethel, Ujerumani, alikuwapo mchungaji Johannes Kuhlo, mpenzi mkubwa wa matarumbeta, aliyeeneza vikundi vya kupuliza nyimbo za kanisa. Na vikundi hivyo kwao vilikuwa vya wanaume kwa miongo mingi. Kwa hiyo vyombo vipya vilipofika kwetu, havikuja kuuondoa utaratibu uliokuwapo. Vilikuja na utaratibu wao, na ukalingana na wetu bila hata kusukumwa. Wazee wetu wa ngoma na wageni wa tarumbeta walitofautiana juu ya Mungu, mavazi na pombe, lakini juu ya nani ashike chombo hawakuwa na ugomvi.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Harold Abeles na Susan Porter, waliwauliza watu wazima chombo gani wangemchagulia mtoto. Akiwa wa kike, walielekea kwenye filimbi, klarineti na fidla. Akiwa wa kiume, ngoma, trombone na tarumbeta. Okestra maarufu ya Vienna haikumpokea mwanamke kuwa mwanachama kamili mpaka 1997, naye alikuwa mpiga kinubi aliyekwisha kupiga pamoja nao miaka mingi. Yaani walimsikia, wakamhitaji, ila hawakumwandika.

Sasa tuwatazame majirani, maana wao wametupatia majaribio mawili yaliyo karibu kuliko Vienna. Rwanda, mwaka 2004, Odile Gakire Katese alianzisha huko Butare kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Kabla ya hapo ngoma zile zilikuwa za wanaume. Wanawake wale hawakuanza utotoni. Walijifunza wakiwa watu wazima, wengine wakiwa wamebeba majeraha ya mauaji ya kimbari ya 1994, na leo wamepiga ngoma zao katika nchi nyingi. Burundi imekwenda njia nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme ya Warundi katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 likatoka agizo la Rais kwamba ngoma hiyo ipigwe na wanaume tu. Mimi naona agizo hilo linaungama jambo. Kama mwanamke asingeweza kupiga, kusingekuwa na haja ya kumkataza.

Na nanga? Huko huko Rwanda inaitwa inanga, na mmoja wa wapigaji wanaosifika leo ni mwanamke, Sofia Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake. Kumbukeni hilo, aliyemfundisha ni baba. Chombo kilikuwa ndani ya nyumba na mwenye chombo akaamua kumpa binti.

Mtaniambia, mbona sisi tuna Saida Karoli? Tunaye, na nchi nzima iliimba Kihaya chake mwaka 2001 bila kuelewa nusu ya maneno. Lakini jina moja kubwa halijibu swali langu. Mimi namuuliza mama wa Nkwenda asiyetaka kuwa msanii, asiyetaka kwenda Dar es Salaam, anayetaka tu kupiga kinanda Jumapili ya zamu yake. Yeye amefikia wapi?

Zamani Buhaya msimu wa senene ukiwadia, wanawake ndio waliowakusanya, wakawanyonyoa, wakawakaanga, na walaji wakawa wanaume. Miiko ile ya senene imekwisha; hakuna mama humu anayeomba ruhusa. Katika kwaya zetu bado tuko kwenye senene za zamani.

Nimalizie hoja hii kwa kitu kidogo cha chuma. Kila usharika na kila kigango chenye vyombo kina kabati, na kabati lina kufuli. Kinanda kimo humo, nyaya zimo humo, gitaa kama lipo limo humo. Ufunguo unakaa na nani? Unakaa na mwalimu wa kwaya, au na kijana anayepiga, au na mzee wa kanisa. Sijasema wananyima. Wengi wao ni watu wema. Lakini mama anayetaka kujaribu kinanda Jumanne mchana, wakati anapita kutoka zahanati, lazima amtafute mwenye ufunguo, aeleze anautakia nini, akubaliwe, kisha asubiriwe amalize. Kijana wa kinanda haombi. Anafungua.

Hoja ya tatu: Saa ile ya baada ya mazoezi

Mazoezi yetu mengi ni saa kumi jioni, siku mbili za juma. Aliyeipanga saa hiyo alifikiri ni saa ya kupumzika. Kwa baba, pengine. Kwa mama saa kumi ndiyo mwanzo wa zamu ya pili. Maji hayajachotwa, kuni hazijatosha, na ndizi hazijamenywa.

Mnajua ndizi zinavyomenywa. Mama anakaa chini na kisu, anamenya ndizi za watu wanane, na utomvu unamganda vidoleni mpaka vinakuwa vyeusi na vya kunata. Kuutoa kunataka mafuta na muda. Hana muda, anajipangusa kwa khanga na kukimbilia mazoezi. Siku moja, katika kwaya nisiyoitaja, nilimwona mama wa namna hiyo akikisogelea kinanda kabla mwalimu hajafika. Kijana aliyekaa pale hakuwa na ubaya wowote. Alisema tu, kwa heshima zote, "Mama, samahani, utakichafua." Mama akacheka, akarudi kwenye safu ya alto. Mwaka uliofuata alikuwa bado alto, kijana bado kinandani.

Lakini kwenye mazoezi yenyewe kila mtu anafundishwa sawa. Mwalimu anaandika nota za solfa ubaoni, kila fungu linashika sauti yake, wanaunganisha. Tofauti inatengenezwa baadaye. Mazoezi yakiisha saa kumi na mbili, akina mama wanatoka wote kwa pamoja, karibu wakimbie, maana giza la huku kwetu halingojei mtu. Vijana wa kiume wanabaki. Wanabaki kwa sababu hakuna anayewasubiri wapike. Umeme ukiwapo, au betri ya sola ikiwa na nguvu, kinanda kinawashwa tena. Mmoja anajaribu wimbo aliousikia redioni, mwingine anamwonesha kodi tatu anazozijua, wa tatu anapiga besi kwa mkono wa kushoto, wanakosea, wanacheka, wanarudia. Saa nzima hiyo haimo kwenye ratiba yoyote na hakuna aliyeiitia darasa. Hiyo ndiyo shule ya kinanda ya Karagwe na Kyerwa, na wanafunzi wake wote ni wa kiume kwa sababu ya sufuria.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, akina mama hawapendi vyombo, sisi hatujawakataza," namwelewa, hajasema uongo. Hakuna aliyewakataza. Ratiba imefanya kazi yote.

Ongezeni msimu wa kahawa, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, na baadaye palizi ya maharage. Kwa miezi hiyo mahudhurio ya kwaya yanashuka kwa wote, lakini baba akipunguza anapunguza kazi moja. Mama anapunguza muziki kwanza, kwa kuwa vingine vyote ni vya watu.

Simu imesaidia. Akina mama wengi sasa wanarekodi sauti yao kwenye mazoezi na kuisikiliza jikoni usiku, mara kumi, mara ishirini, na nimeona wanakuja wimbo umewakaa kuliko waume zao. Uimbaji unajifunzika hivyo. Kinanda hakijifunziki kwa kusikiliza tu, na simu yenyewe katika nyumba nyingine ni ya baba.

Hoja ya nne: Ruhusa ya kukosea

Mtu mzima hujifunza chombo kwa kukosea mara nyingi. Hilo halina njia ya mkato. Kijana wa saa ile ya baada ya mazoezi anakosea mbele ya wenzake wawili, na kesho hakuna anayekumbuka. Mama wa miaka arobaini na mitano, kama atapata nafasi, ataipata mbele ya kwaya nzima, huku akisahihishwa na kijana wa miaka ishirini. Fikirini adabu yetu. Kijana ataanzaje kumwambia mama wa rika la mama yake, "Hapo umekosea, rudia"? Mwenye malezi atanyamaza. Atasema "vizuri, mama," na hapo mafunzo yamekwisha.

Halafu kuna jambo tunalolijua na hatulisemi kwenye vikao. Kinanda kinafundishwa kwa watu wawili kukaa karibu, mkono juu ya mkono, na muda wenyewe ni jioni. Mke wa mtu na kijana wa kinanda, ndani ya kanisa, saa kumi na mbili na nusu. (Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua Jumapili itasemwa nini.) Kwa hiyo hata mwanamke mwenye nia, mume mwenye nia na mwalimu mwenye nia wanaweza wote watatu kushindwa na maneno ya watu.

Ukubwa wenyewe si kizuizi, na ushahidi wake tunao katika historia ya muziki wa Kiswahili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880. Alikuwa mfinyanzi, akiuza vyungu. Alihamia mjini karibu na mwaka 1911, yaani akiwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maisha yake tayari, na hapo ndipo alipopata mwalimu wa kumfunza uimbaji kwa utaratibu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Mwanafunzi wa ukubwani huyo! Lakini hata kwake Siti, waliokaa na udi na fidla pembeni walikuwa wanaume. Miongo mingi ilipita Unguja, wanawake wakiwa malkia wa kuimba taarabu na wageni wa vyombo vyake, hadi Mariam Hamdani alipoanzisha Tausi, kikundi cha wanawake pekee waliojishikia wenyewe udi, fidla na kanuni. Angalieni alivyofanya: aliweka wanawake wapige na wanawake wenzao. Maneno ya watu yakakosa pa kuanzia.

Hoja ya tano: Na akina baba?

Hii ni fupi, ila ningeiacha ningekuwa mwongo. Wanaume nao wanapoteza. Kila mwalimu wa kwaya humu analia kilio kimoja: besi na teno hawapo. Mwanamume akishaoa, kwaya anaiona mambo ya vijana, au anafuata biashara Omurushaka, au ng'ambo ya Murongo. Baba mzima asiyejua kupiga chombo hana mahali pa kuimbia akiwa hajalewa. Akipata rubisi ataimba mpaka usiku. Kesho ukimwomba beti moja atakutazama kama umemtukana. Nyimbo za kubembeleza mtoto hazijui, na zile ndefu za harusi anajua kiitikio tu. Wakiondoka mabibi zetu, hakuna mwanamume wa kuzirithi, na binti zao wamehamia mijini.

Kwa hiyo nisipoeleweka kama wakili wa upande mmoja nitashukuru. Tuna nusu ya watu waliofungiwa kabati, na nusu nyingine waliojifungia mdomo.

Kuelekea mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kuomba fedha, na naona mweka hazina anapumua. Ninayoyapendekeza mengi hayana gharama.

La kwanza ni ufunguo. Kila kwaya itengeneze ufunguo wa pili wa kabati na uwekwe kwa mama mmoja atakayechaguliwa na akina mama wenyewe. Bei yake haifiki kilo moja ya kahawa.

La pili ni saa. Watu wanaopanga ratiba ya mazoezi wajumuishe wanaopika. Kwaya zinazoweza zijaribu Jumapili baada ya ibada, wakati watu wameshafika na chakula cha mchana kimeshapangwa, na vyombo viachwe wazi saa moja zaidi kwa akina mama tu. Wanaume wachukue watoto kwa saa hiyo. Nasikia mguno upande wa kushoto. Saa moja tu, waheshimiwa.

La tatu ni walimu wa kike. Tukimpata mama mmoja katika kila tarafa anayekijua kinanda kwa kiwango cha nyimbo za ibada, huyo atawafundisha wengine, na tatizo la mkono juu ya mkono litakuwa limeondoka. Mafunzo ya muziki wa kanisa yamekuwapo Ruhija, hapa hapa Kagera. Serikali ina chuo cha sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981. Usharika unapochagua mtu wa kupeleka masomoni, jina la pili kwenye orodha lisikose kuwa la mwanamke, na siku nyingine liwe la kwanza.

La nne linawahusu maofisa wa elimu ya watu wazima. Nyerere aliufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mbinu ile haijazeeka. Karagwe tuna redio ya jamii, FADECO. Kipindi cha nusu saa kwa juma cha kufundisha nota na mdundo, kikirushwa saa ambayo akina mama wako jikoni, kisikilizwe na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari vinakutana kila juma na tayari vina uongozi wa wanawake, kingefika mahali ambapo mwalimu hawezi kufika kwa bodaboda.

La tano nawaachia akina baba: kila kwaya ichague wanaume wawili wakakae na mabibi wa kijiji wajifunze nyimbo za harusi nzima nzima, kwa Kinyambo chake, na wazirekodi kwenye simu. Mabibi ndio wawe walimu, na wawasahihishe bila huruma.

Nimeongea na katibu. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi, moja kwa kila kwaya iliyokuja leo. Ina maswali manne tu: ufunguo wa vyombo uko kwa nani, mazoezi ni siku gani na saa ngapi, wanaopiga chombo chochote ni wangapi, wanawake na wanaume, na ni mama gani katika kwaya yenu amewahi kusema angependa kujifunza. Swali la nne msilijibu kwa niaba yao, mkawaulize. Karatasi zirudi kabla ya msimu wa kahawa kuanza, ili msimu ukiisha tuwe tunajua pa kuanzia, Karagwe kwaya ngapi na Kyerwa ngapi.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Naomba swali la kwanza litoke upande wa alto.